Kubadilisha na kutunza vali za amplifaya ya hedifoni: mwongozo kamili

Vali ya kwanza niliyoiharibu haikuungua. Niliivunja mguu. Ilikuwa ECC88, kichupa cha kioo cha kukuza sauti chenye miguu tisa, nimeingoja posta wiki tano, na hamu ilikuwa nyingi kuliko akili. Niliiweka juu ya soketi nikasukuma kabla sijaangalia pengo la miguu limeelekea wapi. Mguu mmoja ukapinda, nikaunyoosha kwa koleo, kioo kikalia tik. Kulipokucha, lile doa la rangi ya fedha lililokuwa kichwani mwa vali lilikuwa jeupe kama chokaa. Hewa ilikuwa imeingia usiku kucha.

Tangu hapo nimechomoa na kuchomeka vali nyingi, na ninaloweza kumwambia anayeanza ni kwamba kuchomeka ni kazi ya dakika tano. Kazi yenyewe ni kujua nini kinaruhusiwa kuingia kwenye soketi yako, na hiyo unaifanya ukiwa umekaa, kabla hujagusa kitu wala kutoa pesa.

Kuhusu jina: Waingereza waliiita vali kwa sababu ile ya kwanza, ya John Ambrose Fleming mwaka 1904, ilipitisha umeme upande mmoja tu, kama vali ya baiskeli inavyopitisha upepo. Wamarekani wao husema tyubu. Ukitafuta mtandaoni, tafuta kwa majina yote mawili, na usishangae ukikutana na amplifaya inayoitwa Vali kabisa. Ni ya kampuni ya Marekani iitwayo Schiit.

Amplifaya yako ni ya aina gani

Ya kwanza ni mseto: vali moja au mbili ndogo mbele, transista nyuma zikisukuma hedifoni. Hapa kubadilisha vali kunaleta tofauti ndogo ya sauti.

Ya pili haina transfoma ya kutolea sauti, na wauzaji huiandika kwa herufi OTL. Vali zenyewe ndizo zinazosukuma hedifoni kupitia kapasita kubwa, yaani kifaa kinachoshika chaji ya umeme. Mifano inayojulikana ni Bottlehead Crack ya Marekani, inayotumia 12AU7 mbele na 6080 nyuma, na Darkvoice 336SE ya China, inayotumia 6SN7 na 6AS7. Aina hii inapenda hedifoni za omu nyingi (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), kama Sennheiser HD 600 na HD 650 za omu 300, au Beyerdynamic za omu 250 na 600. Ukiichomekea hedifoni ya omu 32, besi inanywea, na hakuna vali duniani itakayoirudisha. Nalisema mapema kwa sababu nimeona watu wakinunua vali ya tatu na ya nne kutibu ugonjwa ambao dawa yake ni kubadilisha hedifoni.

Ya tatu ina transfoma ya kutolea sauti na inapokea karibu hedifoni zote. Baadhi yake zinahitaji bayasi, yaani mkondo wa vali ikiwa imetulia bila muziki, irekebishwe kila vali za nguvu zinapobadilishwa. Kama kitabu chako kinasema hivyo na hujawahi kushika mita ya kupimia volti ndani ya chombo chenye umeme, mpe fundi.

Ndani ya aina hizi mbili za mwisho mna volti 150 hadi 300 za DC, na hata baadhi ya za mseto zina volti za kutisha. Kapasita hushika chaji hata waya ukishachomolewa ukutani. Yote nitakayoeleza hapa yanafanyika kwa juu, kifuniko kikiwa kimefungwa.

Kusoma jina la vali

Majina ya Ulaya yana mpangilio. Herufi ya kwanza inaeleza hita, yaani waya wa ndani unaoipasha vali moto: E ni volti 6.3, P ni hita inayotaka mkondo wa miliampea 300. C ni triodi, yaani kikuzaji chenye sehemu kuu tatu ndani, CC ni triodi mbili ndani ya kioo kimoja. Tarakimu ya kwanza ikiwa 8, vali ina miguu tisa. Kwa hiyo ECC88 na PCC88 ni ndugu, miguu imepangwa sawasawa, ila PCC88 inataka takriban volti 7 kwenye hita.

Wamarekani huanza na volti za hita kwa kukadiria: 6 ni volti 6.3, 12 ni volti 12.6. 6DJ8 ndiyo ECC88. 12AT7, 12AU7 na 12AX7 ndizo ECC81, ECC82 na ECC83. 12SN7 ina miguu ileile ya 6SN7, lakini ukiichomeka kwenye soketi ya 6SN7 hita inapata nusu ya volti inazotaka, inawaka kwa uvivu na sauti inatoka mgonjwa. Herufi za mwishoni ni umbo na toleo: G ni kioo kikubwa chenye mabega kama chupa ya soda, GT ni kilichonyooka, GTB ni toleo la baadaye lenye nguvu zaidi.

Za Kisovieti ndizo zinazowachanganya wengi. Zimeandikwa kwa herufi za Kirusi, ambapo kinachoonekana H husomwa N, na kinachoonekana C husomwa S. Muuzaji mmoja ataandika 6H8C, mwingine 6N8S, nawe utadhani ni vali mbili. Ni moja, nayo ni 6SN7 ya Kisovieti. Vivyo hivyo 6N13S inasimama mahali pa 6AS7, na 6N23P mahali pa ECC88.

Kama nyumbani kwenu kuna redio kuukuu ya mbao, usiitoe vali kwa sababu tu ina miguu tisa. EL84, ECH81 na EZ80 zote zina miguu tisa na zote zinaingia kwenye soketi ya ECC88. Kuingia si kufaa. EZ80 kwa mfano si ya kukuza sauti kabisa, kazi yake ni kugeuza umeme wa AC kuwa DC.

Hita: hapa ndipo transfoma zinapofia

Kila vali ina hita, na hita hunywa umeme kutoka transfoma muda wote amplifaya inapowaka. Mtengenezaji alichagua transfoma kwa vali fulani. Ukiweka inayokunywa zaidi, sauti inaweza kutoka vizuri kabisa kwa wiki kadhaa huku transfoma ikiiva taratibu. Ziweke namba hizi karibu, zote ni kwa volti 6.3:

ECC88 au 6DJ8: miliampea 365
E88CC au 6922: miliampea 300
6N23P: kama miliampea 310
6N1P: miliampea 600
ECC81, ECC82, ECC83: miliampea 300
6SL7: miliampea 300
6SN7: miliampea 600
6AS7, 6080: miliampea 2,500
5998: miliampea 2,400

Itazame 6N1P. Ni rahisi kupatikana, miguu yake imepangwa kama ya ECC88, na wauzaji huiuza kama mbadala. Inakunywa karibu mara mbili. Kama mtengenezaji wako ameitaja kwenye orodha yake, sawa. Kama hajaitaja, iache. Kanuni yangu: sawa au pungufu, kamwe si zaidi, ila kwa neno la mtengenezaji.

Hita ikikubali, angalia ukuzaji. ECC82 hukuza karibu mara 17 hadi 20, ECC81 mara 60, ECC83 mara 100. Zote tatu zina miguu ileile. Watu huweka ECC83 mahali pa ECC82 wakidhani wamepata nguvu ya bure, kumbe kitasa cha sauti hakivuki robo, mvumo kama wa hewa unasikika nyuma ya muziki, na saketi iliyopangiwa vali nyingine inaanza kukwaruza. 6SL7 nayo mahali pa 6SN7 ni hadithi hiyohiyo.

Halafu kuna mtego wa amplifaya za 6SN7 na 6AS7. Vali hizi mbili zina miguu minane, na mpangilio wa miguu ni mmoja, mguu kwa mguu. Soketi hazitakukatalia ukizibadilishana. Lakini kila anodi (bamba la nje la chuma) ya 6AS7 imeundwa kuhimili wati 13, ya 6SN7GT wati 2.5. Fikiria mwenyewe kitakachompata mdogo akikaa kwenye kiti cha mkubwa. Bandika karatasi kando ya kila soketi, andika jina, hata kama una uhakika hutasahau.

Na ECC82 haiingii mahali pa ECC88 wala kinyume chake, japokuwa zote ni za miguu tisa: ECC82 hutumia mguu wa 9 kama katikati ya hita, wakati kwenye ECC88 mguu huo ni kinga tu.

Kununua

Nyingi ya vali nzuri utakazozisikia zikisifiwa zilitengenezwa zamani: Mullard ya Blackburn, Uingereza, Telefunken ya Ujerumani, Amperex zilizotengenezwa Uholanzi, RCA, Sylvania na Tung-Sol za Marekani. Majina haya yanauzwa upya. Kuna Mullard na Tung-Sol mpya zinazotengenezwa Saratov, Urusi. Ni vali halali, ila si zile za zamani, na bei isiwe ya zile. Za kisasa ambazo sina ugomvi nazo ni JJ za Slovakia na Psvane za China.

Maandishi ya rangi juu ya kioo si ushahidi, mtu anaweza kuyapiga upya sebuleni kwake. Tazama alama za kwenye kioo chenyewe. Telefunken nyingi za miguu tisa zina umbo la almasi lililofinyangwa chini, katikati ya miguu. Mullard za Blackburn zina msimbo uliochorwa chini ya kioo, mstari wa pili ukianza na B. Mwombe muuzaji picha ya sehemu hizo. Akikataa, tafuta mwingine.

Namba za kipimo hazina maana bila namba ya kulinganishia. “Imepimwa 85” ni 85 ya nini? Uliza vali mpya husoma ngapi na ya kutupwa husoma ngapi kwenye mashine hiyohiyo. Pia uliza kama triodi zote mbili zimekaribiana, maana kwenye amplifaya nyingi nusu moja ya vali ni sikio la kushoto na nusu ya pili ni la kulia.

Ikifika, tazama doa la fedha. Liking'aa, au likiwa la hudhurungi kidogo pembeni, sawa. Likiwa jeupe, vali imekufa, usiijaribu hata kidogo. Ile yangu niliyoiua naiweka mezani kwa kazi hiyo, mtu akiuliza “jeupe namna gani?” namwonyesha.

Kubadilisha, hatua kwa hatua

Hatua ya 1. Zima, chomoa waya ukutani, toa hedifoni. Ngoja dakika 20. Kama ni 6AS7 au 6080, ngoja 30. Hizo ni kaa la moto lililovikwa kioo. Nilishawahi kuishika moja mapema, na alama za vidole zikabaki kwenye kioo, ngozi yangu ikiwemo.

Hatua ya 2. Piga picha ya vali zikiwa mahali pake, kwa juu na kwa pembeni.

Hatua ya 3. Kwa vali za miguu minane, shika kitako cha plastiki, usishike kioo. Gundi ya kitako ikizeeka, kioo huzunguka peke yake na nyaya za ndani hukatika au kugusana. Kwa za miguu tisa hakuna kitako, shika kioo chini kabisa kwa kitambaa safi cha pamba.

Hatua ya 4. Vuta juu ukiitikisa kidogo sana, mbele nyuma, kisha kulia kushoto. Usiizungushe kama balbu. Ikigoma, pumzika, rudi tena. Usiipenyezee bisibisi kwa chini.

Hatua ya 5. Kagua miguu ya vali mpya. Iliyopinda kidogo nyoosha polepole, ukishikilia mguu karibu na kioo ili nguvu isifike pale mguu unapoingia kwenye kioo. Miguu yenye weusi isugue kwa ufutio wa penseli, kisha pangusa kwa spiriti ya duka la dawa na uache ikauke. Spiriti isiguse maandishi ya vali ya zamani, yanatoka kwa mpanguso mmoja.

Hatua ya 6. Kama una mita, weka kwenye omu. Hita ya ECC88 iko mguu wa 4 na 5, ya 6SN7 na 6AS7 iko 7 na 8. Usome omu chache tu, au chini ya moja kwa 6AS7. Isiposoma kitu, hita imekatika. Kisha gusa miguu mingine miwilimiwili. Vali ikiwa baridi isisome chochote. Ikisoma, kuna vitu vinagusana ndani, irudishe kwa muuzaji.

Hatua ya 7. Elekeza kabla ya kusukuma. Miguu minane ina ulimi katikati unaoingia kwenye mfereji wa soketi. Ulimi huo ukiwa umevunjika, vali inaweza kuingia kwa upande wowote, na volti za juu zikaenda pasipotakiwa. Vali ya namna hiyo ninaikataa hata ya bure. Miguu tisa ina pengo kati ya wa 1 na wa 9, lisawazishe na pengo la soketi. Sukuma wima, kwa nguvu ya kidole gumba. Ukihisi unahitaji zaidi ya hapo, toa uangalie tena.

Hatua ya 8. Sauti hadi sifuri, hedifoni ikiwa nje, washa. Kaa hapohapo utazame.

Nusu saa ya kwanza

Hita inawaka rangi ya chungwa ndani ya sekunde chache. Baadhi ya vali za kale za Ulaya humulika kwa nguvu chini kwa sekunde moja unapowasha, kisha hutulia. Hilo ni kawaida yake, ingawa mara ya kwanza niliirukia swichi.

Mwanga wa buluu ulionata kwenye kioo hauna madhara. Mwanga wa zambarau au waridi unaojaa katikati ya vyuma vya ndani ni gesi, zima. Bamba la nje la chuma likianza kuiva wekundu, zima papo hapo. Usingoje wimbo uishe. Harufu ya kuungua na mtetemo wa transfoma ambao haukuwepo jana navyo ni vya kuzima.

Baada ya dakika tano ya utulivu chomeka hedifoni ya bei rahisi, ile usiyoililia. Hapo ndipo utakaposikia mpasuko au mngurumo kama upo. Ikipita dakika kumi salama, lete hedifoni yako. Hata kila siku, kwenye OTL mimi huwasha kwanza na kuchomeka hedifoni baadaye, maana volti zinapopanda hutoa kishindo.

Kelele inatoka wapi

Kama una vali mbili za namna moja, kushoto na kulia, zibadilishane. Kelele ikihama sikio, ni vali. Ikibaki palepale, ni soketi au amplifaya. Ukiwa na vali moja inayohudumia masikio yote mawili, rudisha ya zamani usikilize. Ndiyo maana ya zamani haitupwi.

Mchakacho mara nyingi ni uchafu wa soketi. Zima, poza, chomoa na kuchomeka mara tatu nne, na nusu ya kesi huishia hapo. Ukigonga kioo kwa penseli ukasikia kengele masikioni, vali ina tabia ya maikrofoni. Kidogo tu ni kawaida kwa zote. Ikiwa hata kuandika kwenye meza kunasikika, ivishe pete ya mpira ya kuhimili joto, au iweke akiba. Mngurumo unaopungua ukisogeza simu au ruta mbali haukuwa wa vali.

Umeme wetu, joto, na upepo wa bahari

Volti za hita hufuata za ukutani. Amplifaya ya volti 230 ikipewa 255, hita ya 6.3 inapata karibu 7, na vali za namna hii zimekusudiwa kukaa ndani ya asilimia 10, yaani 5.7 hadi 6.9. Pima ukutani kwako usiku wa manane, mzigo wa mtaa unapokuwa mdogo. Ikizidi, stabilaiza nzuri itakulipa kuliko vali ya majina makubwa. Na kama amplifaya ililetwa kutoka Marekani, hakikisha nyuma haikuandikwa volti 120.

Umeme ukikatika, zima swichi ya amplifaya hapohapo. Ukirudi hurudi kwa kishindo, wakati mwingine hukatika tena mara mbili tatu. Ngoja dakika kumi ndipo uwashe. Wahandisi wa ENIAC, kompyuta ya Marekani ya miaka ya 1940 yenye vali zaidi ya 17,000, waligundua kwamba nyingi zilikufa wakati wa kuwasha na kuzima, wakaamua kuiacha ikiwaka. Usiwaige. Wewe huna vali 17,000, na kila saa inayowaka bure inapungua kwenye umri wake. E88CC imesanifiwa kwa saa 10,000, ambazo kwa saa tatu kila siku ni miaka tisa. Washa dakika 20 kabla ya kusikiliza, zima ukimaliza.

Acha sentimita 15 za wazi pande zote na zaidi juu. Usiifunike kitambaa cha kufumwa, hata kikiwa kizuri namna gani, wala usiiweke kwenye kabati ya TV. Pazia linalopepea dirishani lisiifikie.

Sisi wa pwani tuna shida ya chumvi. Miguu hushika ukungu wa kijani au weusi haraka. Mimi huchomoa na kusafisha kila baada ya miezi sita, soketi nazisafisha kwa kontakti klina (dawa ya kusafishia miguso ya umeme) niliyoipulizia kidogo kwenye brashi ndogo, si moja kwa moja ndani, na nangoja saa nzima kabla ya kuwasha. Soketi iliyolegea ni ya fundi, kubana meno yake kunataka kapasita zitolewe chaji kwanza.

Kulinganisha sauti mbili

Vali yenye sauti kubwa kidogo huonekana nzuri zaidi, hata kama siyo. Cheza mlio wa hezi 200, pima volti za AC kwenye tundu la hedifoni, na uzilinganishe kabla ya kutoa hukumu. Vali ya mbele hubadilisha tabia ya sauti kuliko ya nyuma, angalau kwa masikio yangu, kwa hiyo pesa ianzie huko. Ipe vali mpya saa 20 kabla ya kuilaumu.

Ya zamani ifunge kwenye boksi lake, miguu ikichomekwa kwenye kipande cha sponji, na uandike kwa penseli tarehe uliyoitoa na saa inazokadiriwa kufanya kazi. Boksi likae mahali pakavu, na pakiti ndogo za kunyonya unyevu zinazokuja na viatu vipya usizitupe.